Kazi Tamu au Mahali Pema? Mwongozo wa Kuchagua kwa Mfanyakazi wa Mombasa

Ukikaa barazani jioni na watu wa kazi za mshahara hapa Mombasa, utasikia malalamiko ya aina mbili. Mmoja atakwambia kazi yake anaipenda mno na kila siku anajifunza jambo jipya, lakini tajiri anamfokea mbele ya wateja na usingizi umemruka. Mwingine atakwambia ofisini kwao watu ni wazuri, mshahara unaingia tarehe ile ile, saa kumi na moja yuko njiani kurudi nyumbani, ila kutwa anagonga mihuri tu na akili inaota kutu. Kila mmoja anamwonea mwenzake wivu.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetakiwa kuchagua kati ya hali hizo mbili, ama ana barua mbili mkononi, ama yuko ndani ya moja na jicho liko kwa nyingine. Natanguliza msimamo wangu ili usome ukijua naelemea wapi. Nikilazimishwa, nachagua mahali pema kabla ya kazi tamu, kwa sababu kazi isiyo na ladha unaweza kuitia ladha ukiwa ndani, lakini bosi mbaya huwezi kumrekebisha ukiwa chini yake. Hata hivyo ziko hali ambapo kanuni hii haishiki, na yako mahali mengi yanayoitwa mabaya kumbe kazi yake ni ngumu tu. Kwa hiyo usikimbilie jibu.

Hatua ya 1: Piga hesabu uone kama kweli una chaguo

Chukua karatasi. Andika kodi ya nyumba, karo, tokeni za stima, maji ya kununua, nauli, mchango wa chama, na kile unachowatumia wazee kila mwezi. Kisha tazama akiba yako: unaweza kukaa miezi mingapi bila mshahara? Ikiwa hufiki hata miwili, basi mbele yako hakuna swali la utamu wala afya, kuna swali la kulipwa au kutolipwa. Shika inayolipa, weka akiba ya miezi mitatu, kisha urudi kwenye hatua zinazofuata. Isipokuwa pale unapopigwa au kudhulumiwa mwili. Hapo ondoka kwanza, hesabu baadaye.

Njia nayo ina gharama. Mtu wa Likoni anayeajiriwa Shanzu atavuka feri (kwa miguu ni bure, ila foleni haina bure), apande matatu hadi mjini, kisha nyingine ya kwenda kaskazini. Akipoteza saa tatu kila siku njiani, hizo ni sehemu ya kazi hata kama mwajiri hazioni.

Hatua ya 2: Tenga ugumu na ugonjwa

Jiko la hoteli mwezi wa Februari lina joto la kuunguza. Yadi ya makontena ina vumbi, kelele na zamu za usiku. Wodi ya hospitali ina vilio. Huo ni ugumu. Ugumu unauchosha mwili, ukilala unaamka. Mahali paweza kuwa pagumu na pakawa na afya kabisa, na ofisi yenye kiyoyozi na mazulia yaweza kuwa imeoza.

Robert Karasek, mtafiti wa Marekani, alitoa mwaka 1979 hoja ambayo bado inatumika. Wingi wa kazi peke yake haumuumizi mtu sana. Kinachomuumiza ni wingi wa kazi ukikutana na kukosa usemi juu ya namna ya kuifanya. Mpishi anayepika sahani mia tatu na yeye ndiye aliyepanga menyu, aliyechagua samaki sokoni na anayejua nani akae kwenye jiko gani, atachoka. Msaidizi wake anayeamrishwa hivi sasa hivi, akaamrishwa kinyume chake baada ya dakika kumi, kisha akalaumiwa kwa yote mawili, ataugua. Uchunguzi wa muda mrefu uliofanywa kwa watumishi wa serikali mjini London ulionyesha jambo la jamaa moja na hilo: watumishi wa ngazi za chini, wenye usemi mdogo juu ya kazi yao, walipata maradhi ya moyo kuliko wakubwa wao. Tulizoea kudhani presha ni ya mabosi.

Sasa dalili za ugonjwa. Ya kwanza kwangu ni jinsi makosa yanavyopokewa. Miaka ya 1990 Amy Edmondson, mtafiti mwingine wa Marekani, alichunguza makosa ya utoaji dawa hospitalini akitarajia kwamba timu nzuri zitakuwa na makosa machache. Akakuta timu zenye uhusiano mzuri ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi, kwa kuwa watu wake hawakuogopa kusema. Lete hilo kwenye ofisi ya mawakala wa forodha pale mjini. Karani ameingiza mzigo kwenye mfumo wa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, kwa kodi ya bidhaa isiyo yake. Penye afya, atamwambia mkubwa wake asubuhi ile ile na litarekebishwa. Penye ugonjwa, ataficha akiomba Mungu lisigunduliwe, na mteja atalipia kontena kulala bandarini siku kadhaa. Basi ukitaka kujua ofisi, uliza: wa mwisho kukosea alifanywa nini?

Dalili nyingine ni masimango. Bosi anayemkumbusha mtu kila wiki kwamba alimtoa mbali, kwamba bila yeye angekuwa bado anazurura Mwembe Tayari, huyo anataka shukrani za maisha badala ya kazi ya mwezi. Mshahara unaochelewa bila maelezo ni dalili. Unaochelewa kwa maelezo ya kweli mara moja kwa mwaka si dalili. Na kuna kule kumsukuma mtu nje kimyakimya. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka, nasi tunaliona kazini: zamu zako zinapungua, mikutano inafanyika huna habari, jina linatoweka kwenye kundi la WhatsApp la ofisi, na ukiuliza unaambiwa hakuna tatizo. Ukiona mwenzako anafanyiwa hivyo, usifurahi kwamba si wewe.

Kuguswa, mizaha ya mwili, ahadi ya zamu nzuri kwa malipo ya kitandani: hayo siyaweki kwenye mizani yoyote. Hakuna utamu wa kazi unaolingana nayo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inayakataza waziwazi, na mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa awe na sera ya maandishi kuhusu unyanyasaji wa kimapenzi. Omba kuiona. Wanavyokujibu ni habari tosha.

Kisha utazame mwili wako mwenyewe. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilieleza kuchakaa kwa mtu kutokana na kazi kwa mambo matatu: nguvu zinakwisha, kazi uliyoipenda unaanza kuichukia au kuidharau, na unaona huwezi tena kuifanya vizuri. Hilo la pili ndilo la kutazamwa na wanaosema “lakini naipenda kazi yangu.” Mahali pabaya hupala utamu taratibu, na mwenyewe ni wa mwisho kujua, mke, mume au mama huanza kuona kabla yake. Hesabu pia saa zako kwa wiki mbili mfululizo, bila kujihurumia wala kujisifu. Shirika hilo pamoja na Shirika la Kazi Duniani walitangaza mwaka 2021 kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kupata kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35, na ya kufa kwa maradhi ya moyo kwa asilimia 17, akilinganishwa na wa saa 35 hadi 40. Amri ya jumla ya mishahara ya Kenya inaweka saa 52 kwa wiki kuwa kazi ya kawaida. Ongeza saa chache za ovataimu uone ulipofika.

Hatua ya 3: Uonje huo utamu wenyewe

Mwaka 1959 Frederick Herzberg na wenzake walitoa matokeo ya kuwahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200 huko Pittsburgh, Marekani. Waliulizwa ni lini waliifurahia kazi na ni lini iliwachukiza. Majibu hayakuhusu mambo yale yale. Waliochukizwa walitaja usimamizi, kanuni za kampuni, mshahara, watu wa kazini. Waliofurahi walitaja kazi yenyewe, kufanikisha jambo, kutambuliwa, kupewa dhamana. Watafiti wengine walimkosoa baadaye kwa namna alivyouliza, lakini kwa mtu anayechagua kazi somo lake linafaa: usijumlishe mazuri na mabaya upate alama moja. Weka safu mbili kwenye karatasi. Kero zikiisha unapata utulivu, hupati raha. Na raha ikiwepo haizifuti kero.

Katika safu ya utamu, andika vitendo, usiandike vyeo. “Afisa wa uhusiano na wateja” yaweza kuwa ni kupiga simu za madeni kuanzia saa mbili hadi saa kumi na moja. Mtafute anayeifanya kazi hiyo umuulize Jumanne iliyopita alifanya nini tangu alipoingia. Watu hupenda kueleza kazi kwa jumla, na kwa jumla kila kazi ni nzuri.

Halafu jiulize ni kipi utakachoondoka nacho. Anayejifunza uwakala wa forodha anajifunza ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, anajua mfumo wa KRA, anaweza kusomea kile cheti cha forodha na usafirishaji wa mizigo kinachotambulika Afrika Mashariki, na akitoka kwa tajiri mmoja anaajirika kwa mwingine kesho yake. Lakini ziko kazi ambazo utamu wake wote ni kuijua tabia ya mwenye duka mmoja wa Biashara Street: anapenda hesabu ziandikwe vipi, ni mteja gani wa kukopeshwa, mtoto wake yupi asipewe funguo. Raha iko, umuhimu uko, ila siku ukitoka huna cha kubeba.

Hatua ya 4: Peleleza kabla ya kusaini

Mombasa ni mji mdogo ukijua wa kumuuliza, na wa kumuuliza si meneja. Ni mama anayeuza chakula ng’ambo ya geti.

Nenda saa saba mchana, uagize wali au chapati maharagwe, ukae. Tazama wafanyakazi wanavyotoka: wanakuja kwa makundi wakicheka, au mmoja mmoja wakila huku jicho liko kwenye simu kwa hofu ya kuitwa? Usimuulize mama kama mahali hapo pazuri. Atakujibu pazuri, ni wateja wake. Muulize, “Mama, wale wasichana wa mapokezi ni wale wale wa mwaka jana?” Muulize madeni ya chakula hulipwa tarehe ngapi. Daftari lake la mikopo linajua siku ya mshahara kuliko tangazo lolote la kazi: mahali ambapo deni hulipwa tarehe tano kila mwezi ni tofauti na mahali ambapo tarehe ishirini bado anaambiwa “kesho, mama.” Askari wa geti na vijana wa bodaboda wa pale stendi nao wanajua wangapi hutoka saa tatu usiku na wangapi huchukuliwa wakilia. Usiwahonge. Salamu, soda na subira vyatosha.

Watafute walioacha kazi pale. Mmoja mwenye hasira usimtegemee. Watatu wanaotaja jambo lile lile bila kujuana, waamini. Na kama tangazo la nafasi hiyo hiyo umeliona mara mbili tatu ndani ya mwaka, huhitaji ushahidi mwingine.

Ukifika kwenye mahojiano, tazama kabla ya kuulizwa. Bosi ameitikia salamu ya askari? Mama wa usafi anaitwa mama, au anaitwa “wewe”? Mji huu watu wake wanapimana kwa salamu, na mtu anayepita bila kusalimu nyumbani kwake mwenyewe hatakuheshimu wewe mgeni. Zamu yako ya kuuliza ikifika, uliza mambo yanayojibika kwa habari:

- Aliyekuwa na kazi hii kabla yangu yuko wapi sasa?
- Mwezi wa Mei na Juni hapa huwaje? (Hotelini swali hili ni la lazima. Masika ikiingia wageni wanapungua, na kuna mahali watu hupelekwa likizo bila malipo hadi Julai. Anayejibu kwa uwazi ni wa kuaminika hata kama jibu lenyewe ni chungu.)
- Ijumaa watu wa sala hupangwaje? Na Ramadhani zamu zinabadilika? Wa kanisani Jumapili je?
- Atakayenipa kazi kila asubuhi ni nani, naweza kuongea naye leo?

Hilo la mwisho watu husahau. Unahojiwa na mkurugenzi mpole mwenye tai, kisha Jumatatu unakabidhiwa kwa msimamizi ambaye hukuwahi kumwona.

Bado kuna kazi za kuingizwa na jamaa, na hapa kwetu ni nyingi. Mjomba amezungumza na rafiki yake, nafasi imepatikana, na kuuliza maswali inaonekana kama kumdharau. Kisha mambo yakiharibika huwezi kutoka, kwa kuwa ukitoka unamwaibisha mjomba kwenye msikiti wao. Suala hili limalize mwanzoni, kabla hujaanza kazi. Mwendee kwake, umwamkie, umwambie, “Mjomba, nashukuru sana, na sitakuangusha kwa uvivu wala wizi. Lakini nikiona pananishinda, naomba nikwambie wewe wa kwanza, na uniruhusu nitoke kwa heshima.” Wengi watakubali, na wengine watafurahi kuambiwa. Asiyekubali amekueleza jambo muhimu pia: kazi hiyo ni deni, na wanaolidai ni wawili.

Wazee wengine watakukumbusha kwamba mchagua jembe si mkulima. Sawa, ila methali hiyo naona ilitungwa na mwenye shamba lake.

Hatua ya 5: Soma mkataba, na upime mwajiri kwa mambo madogo ya sheria

Hatua hii ni fupi. Mwajiri anayetii sheria katika madogo si lazima awe mwema, lakini anayezikwepa hata hizi ndogo hatakuwa mwema kwako. Ajira ya miezi mitatu au zaidi inatakiwa iwe kwa maandishi, na kuandika ni jukumu la mwajiri. Kipindi cha majaribio hakizidi miezi sita, na kikiongezwa ni kwa idhini yako. Una haki ya siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, likizo ya siku 21 za kazi zenye malipo kwa mwaka, na baada ya miezi miwili kazini, ukiugua, siku saba za mshahara kamili na saba za nusu. Kibarua aliyefanya siku mfululizo zinazotimia mwezi hawezi tena kufukuzwa jioni kama mtu wa siku moja. Sheria inampa masharti ya wa mshahara wa mwezi.

Uliza pia kama pana chama cha wafanyakazi na mkataba wa pamoja. Hotelini ni KUDHEIHA, bandarini ni Dock Workers Union. Mji huu ulikwisha simama wote: Januari 1947 mgomo mkuu wa wafanyakazi uliuzima, na ukazaa African Workers Federation ya Chege Kibachia. Meneja anayetahayari ukitaja chama, mwandike kwenye safu ya kero.

Hatua ya 6: Amua, na uweke tarehe

Ikiwa mahali ni pagumu tu, bila ugonjwa, na kazi ni tamu, nenda. Usisumbuke na mwongozo zaidi.

Ikiwa mahali ni pema na kazi imepooza, nenda pia, lakini nenda na mpango wa kuikuza kazi hiyo. Nitaueleza chini.

Ugumu uko pale mahali panapougua na kazi ni tamu kweli. Hapa nauliza jambo moja kabla ya mengine yote: aliye mbaya ni nani, na atakaa muda gani? Katika mashirika makubwa, benki, bandari, kampuni zenye matawi, mameneja huhamishwa. Bosi wa leo yaweza kuwa mwakani yuko Kisumu, na aliyesubiri akapata kazi yake tamu na mkubwa mwingine. Lakini sehemu kubwa ya ajira za mji huu ni biashara za familia. Tajiri ndiye bosi, mkewe anashika pesa, mwanawe ndiye bosi ajaye, na adabu ya nyumba ile ndiyo adabu ya kazi. Pale hakuna wa kuhamishwa isipokuwa wewe. Anayesubiri mwenye kampuni abadilike amejiwekea subira isiyo na mwisho.

Naona ruhusa ya kuichukua kazi tamu mahali pabaya kwa mtu mmoja tu: ambaye hana wengi wanaomtegemea, ambaye kuna ujuzi ataondoka nao, na ambaye ameweka tarehe ya kutoka isiyozidi mwaka mmoja. Tarehe hiyo aiandike na amwambie mtu wa nyumbani atakayemkumbusha, kwa kuwa wa mahali pabaya daima ana sababu ya kungoja: bonasi ya Desemba, mradi unaokaribia kwisha, bosi aliyekuwa mpole wiki hii. Muuguzi kijana anayetaka uzoefu wa chumba cha upasuaji, au fundi anayetaka kuijua mitambo ya meli, anaweza kustahimili hivyo na akatoka amefaidika. Mama wa watoto watatu mwenye presha hawezi, na asishauriwe na vijana.

Na ikiwa pande zote mbili ni za wastani, yaani kazi si tamu sana na mahali si pabaya sana, basi acha majina ya kampuni na umchague msimamizi. Yule utakayemwambia “leo sijielewi” asikuchekee.

Hatua ya 7: Ukishaingia

Kwa aliyechagua mahali pema: kazi ya kugonga mihuri haitanuki yenyewe. Mwaka 2001 Amy Wrzesniewski na Jane Dutton waliandika kuhusu namna watu wanavyoziumba upya kazi zao, na mfano wao mmoja ni wasafishaji wa hospitali nchini Marekani. Cheo na mshahara ni vile vile, lakini wengine walijiona ni sehemu ya uuguzi: walipanga saa za kufagia ziendane na za wauguzi, wakazungumza na wagonjwa, wakawaelekeza wageni. Kazi ilikuwa kubwa mikononi mwao. Karani wa masjala naye anaweza kuanza kuandika ni fomu zipi hurudishwa mara nyingi na kwa nini, baada ya miezi mitatu akaipeleka orodha kwa mkubwa wake na kuomba yeye ndiye airekebishe fomu. Anaweza kuomba kazi ambayo kila mtu anaikimbia, kwa mfano kupanga ukaguzi wa mwaka. Penye afya ombi kama hilo hupokelewa. Penye ugonjwa mtu angeulizwa, “Unataka kunichukulia kiti?” Hapo ndipo utaona kwa nini niliutanguliza msimamo wangu.

Zile saa za jioni ulizookoa nazo ni mtaji. Zile zikiishia kwenye simu, baada ya miaka miwili utasema mahali pema palikudumaza. Technical University of Mombasa iko pale Tudor, nenda ukaulize ratiba. Au tafuta fundi wa kukufundisha kazi ya mikono.

Kwa aliye mahali pabaya akiisubiri tarehe yake: weka daftari nyumbani. Andika tarehe, saa, maneno yaliyosemwa, na nani alikuwepo. Malalamiko yapeleke kwa maandishi, kwa lugha ya adabu, na ubaki na nakala. Usijibizane kwenye kundi la WhatsApp. Usibebe nyaraka za wateja ukidhani ni ushahidi. Hilo litakugeuza wewe kuwa mshtakiwa. Na kila mwezi hakikisha makato ya NSSF na bima ya afya yamefika yanakokwenda, kwa kuwa mwajiri anayekufokea na mwajiri asiyepeleka makato mara nyingi ni mtu mmoja.

Hatua ya 8: Kutoka

Toka kwa barua, usitoke kwa hasira. Wa mshahara wa mwezi notisi ni siku 28, au mmoja amlipe mwenzake badala ya siku hizo. Wa majaribio ni siku saba. Ukiitwa kujibu mashtaka ya utovu wa nidhamu kabla hujatoka, una haki ya kuelezwa kosa kwa lugha unayoielewa, na kuwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama pembeni. Usiende peke yako.

Dai cheti cha kazi. Aliyefanya kazi wiki nne mfululizo au zaidi ana haki ya kukipata, kinachotaja jina lake, kazi aliyofanya, siku aliyoanza na siku aliyoacha. Sheria haimlazimishi mwajiri kukuandikia sifa, kwa hiyo usigombane kwa ajili ya sifa, gombania cheti. Ukiona umefukuzwa isivyo haki, malalamiko kwa afisa wa kazi yapelekwe ndani ya miezi mitatu. Madai ya mahakamani yana miaka mitatu, na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ina kituo hapa hapa Mombasa.

Barua ya kuajiriwa, hati za mshahara na lile daftari viweke pamoja nyumbani tangu mapema, visikae kwenye droo ya ofisi. Siku ya mwisho kuna mahali mtu huishia getini, na vitu vyake huletwa na askari kwenye katoni.